Vidole Vitatu

Mwaka wa saba huu, kila Jumamosi,
tunakutana bandani kwa Gaspard, nyuma ya kiwanda cha jibini kilichofungwa,
watu watatu na gari moja lisilo na magurudumu.
Odile huleta kahawa na umbea wa mji.
Gaspard, aliyeng'oa meno ya watu miaka thelathini na minane,
siku hizi anang'oa nati zilizoshika kutu
kwa mkono uleule, kwa maneno yaleyale:
"Tulia, mpenzi. Kidogo tu. Imekwisha."

Mimi sina mkono wa spana.
Kazi yangu ni magazeti.
Nashinda chumba cha chini cha maktaba ya wilaya
nikifunua kurasa zinazomeguka kama mkate mkavu,
nikilisaka gari namba kumi na nne,
mbio za Saint-Aubry, Julai, 1907.

Dereva nilimpata siku ya kwanza.
Dereva hapotei. Ana masharubu,
ana shada la maua shingoni,
ana mtaa uliopewa jina lake.
Lakini kushoto kwake ameketi mtu
ambaye picha imemkata sikio,
na maandishi chini yasema: pamoja na fundi wake.
Wake.
Kama glavu. Kama mbwa.

Kilomita mia nne na themanini za vumbi na kokoto,
na huyo utingo ndiye aliyelitia gari pumzi:
kila baada ya dakika mbili apige pampu ya oili kwa mkono,
akisahau, pistoni zimekwama na wawili wamezikwa;
ageuke nyuma atazame nani anawakaribia;
kwenye kona ajitupe nje nusu mwili
ili uzani wake ulizuie gari lisipinduke.
Asiyekuwepo na lake halipo, wasema watu.
Huyu alikuwepo.
Lake ndilo halikuwepo.

Kipupwe kilichopita Odile alikuwa anasugua mpini wa pampu kwa mafuta ya taa.
Akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.
"Njooni mwone."
Shaba ilikuwa imelika. Si kwa mbio moja,
ni misimu mitatu, minne ya kushikwa na mkono mmoja:
hapa dole gumba,
na upande wa pili vishimo vitatu.
Vitatu, si vinne.
Gaspard akasema tuchonge mpini mpya, huu umechakaa.
Odile akautia mfukoni mwa aproni
akaenda nao nyumbani.

Nikaacha magazeti, nikaingia kwenye madaftari ya jeshi.
Daftari la tatu, mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:
Bracq, Théophile Désiré. Fundi wa magari.
Hafai kubeba bunduki.
Mkono wa kulia, hana kidole cha shahada.

Nililicheka lile neno hadi mtunza maktaba akanikoholea.
Kidole cha shahada!
Hakipo, na kutokuwepo kwake
ndiko kulikosimama kutoa ushahidi
baada ya zaidi ya miaka mia.
Alioa? Alizikwa wapi? Sijui.
Daftari linaishia hapo, na mimi sitamtungia mke.

Machi tuliliwasha.
Injini ilikohoa, ikatema moshi,
ikaunguza nyusi za Gaspard, ikazima.
Mara ya pili ikashika,
na banda zima likatetemeka, makopo ya rangi yakicheza rafuni.
"Oili!" akapaza Gaspard. "Nani yuko kwenye oili?"
Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Basi nikapanda mimi, kiti cha kushoto.
Nikakunja kidole changu cha shahada,
nikatia vitatu vilivyobaki mle ndani ya shaba.
Vilinitosha vibaya; mkono wake ulikuwa mdogo.
Kijana wa miaka kumi na tisa.
Pampu ni nzito kuliko nilivyodhani.

"Tazama nyuma!" Odile akanipigia kelele, akicheka,
nami nikageuka kwelikweli, roho juu:
ngazi, ukuta, kuku wawili wa jirani.
Hakuna aliyekuwa anatukaribia.